Ukabila sio kuwa na makabila mengi

Juzi kwenye kikao cha mtaa huku Sakina, Arusha, mzee mmoja kasimama akasema mtaa umeharibika, zamani tulikuwa Waarusha na Wameru tu, saivi ukabila umezidi, kuna Wachagga, Wapare, Wairaqw, Warangi, Wasukuma mpaka Wasomali. Watu wakaitikia. Sikumjibu kwa sababu ni mtu mzima na namheshimu, ila hilo neno nimelisikia likitumika ivo kwenye daladala, kwenye redio, msibani, na leo nimeona niandike.

Ukabila ni kumpa mtu kitu au kumnyima kwa sababu ya kabila lake. Basi. Alichokuwa anakisema mzee ni mchanganyiko wa makabila, ambayo ni habari ya nani anaishi wapi, wakati ukabila ni habari ya nani anamfanyia nini mwenzake.

Nadhani kinachotuchanganya ni hiyo "u" ya mwanzo. Tukisema uzee tunamaanisha hali ya kuwa mzee, kwaiyo mtu anaona ukabila nao ni hali ya kuwa na makabila. Lakini hiyo "u" ina kazi nyingine, iko kwenye udini, ubepari, ujamaa, pale inataja msimamo au mwenendo. Hakuna anayesema mtaa wenye msikiti na kanisa una udini, kila mtu anajua udini ni nini, sasa kwanini kwenye kabila tunateleza? Alafu neno kabila lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na mzizi wake ndio huohuo uliotupa kabla, kabili, mkabala, kibla na kubali. Yaani ukoo mmoja wa maneno, na ndani yake kuna kuwa mbele ya mtu, kuelekeana, kupokea. Mimi hilo huwa linanigusa sana, kwamba kabila na kubali ni ndugu wa damu.

Na hata hizo enzi za "sisi tu" zinahitaji kuangaliwa vizuri. Chukua Moshi hapo jirani. Zamani mtu alikuwa wa Machame, wa Kibosho, wa Marangu, kila mmoja na mangi wake, yaani chifu, na walipigana wao kwa wao. Kahawa, chama cha ushirika cha KNCU cha 1933, kisha kuchaguliwa kwa Mangi Mkuu Thomas Marealle mwanzoni mwa miaka ya 50, ndio mambo yaliyosaidia kumfanya mtu aseme mimi ni Mchagga. Na mpaka leo mtu wa Rombo akiongea kilugha chake, wa Machame anapata shida kumfuata.

Sasa mchanganyiko una madhara au hauna? Unayo, sitadanganya. Robert Putnam, profesa wa Marekani, mwaka 2007 alichapisha utafiti akaonyesha kwamba kwenye maeneo yaliyochanganyika zaidi kule kwao watu walikuwa wanaaminiana kidogo, hata wa asili moja, kila mtu amejifungia kwake, ingawa mwenyewe alisema kwa muda mrefu jamii inaweza kuvuka hapo. Lakini Edward Miguel, mchumi wa Marekani, mwaka 2004 alitoa utafiti wa shule za msingi za Busia Kenya na Meatu hapa kwetu. Busia palipochanganyika michango ya shule ilikuwa midogo, Meatu mchanganyiko haukupunguza kitu, na maelezo yake ni siasa za kujenga taifa: Kiswahili, mafunzo ya mashuleni, uongozi wa machifu kuondolewa miaka ya 60. Wingi ule ule wa makabila, matokeo tofauti.

Na uchache nao sio kinga. Rwanda ina makundi matatu, wanaongea lugha moja, na 1994 tunajua kilichotokea. Kesi za viongozi wake zilisikilizwa hapahapa Arusha, pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, mpaka mahakama ile ikafungwa 2015. Sisi wa mji huu ndio tungetakiwa kuwa wa kwanza kujua tofauti.

Mimi ukabila naujua kwa sura. Niliwahi kwenda kuulizia chumba, mwenye nyumba hakuuliza kazi yangu wala kodi nitalipaje, kauliza jina la ukoo, nikamtajia, akasema kimeshachukuliwa, na wiki nzima nikawa napita naona kibao cha chumba kinapangishwa kipo palepale. Sasa kama hilo ni ukabila, na jirani yangu Mrangi anayechangia msiba wangu na kulala matanga nae ni ukabila, mimi niliyenyimwa chumba nitalia kwa neno gani?

Kwaiyo mzee wangu, shikamoo. Najua kinachokuuma. Arusha mjini kwa sensa ya 2012 ilikuwa na watu laki nne na kitu, ya 2022 imepita laki sita, unapita njia uliyozaliwa nayo na hakuna anayekuita kwa jina. Siku ingine ukisimama sema mtaa umechanganyika na hatujuani, nami nitasimama baada yako nikuunge mkono.