Asiyeona na simu janja

Imani kwamba mtu asiyeona hana haja na tovuti, kwa kuwa hawezi kutazama kioo cha simu, imedumu Dar es Salaam kiasi kwamba hata waandaaji wa mikutano huirudia bila kusita. Ukweli ni kwamba simu janja nyingi huuzwa zikiwa na programu ya kusoma kioo kwa sauti. iPhone, kwa mfano, ilipata VoiceOver mwaka 2009. Mtumiaji hupitisha kidole, naye husikia kila kitufe na kila aya.

Kinachomkwamisha ni tangazo lililowekwa kama picha tupu, lenye tarehe, ukumbi na kiingilio ndani yake, ambalo programu huenda ikalisoma kwa neno moja tu: "picha". Matangazo ya namna hii, kwa bahati mbaya, ndiyo tunayoyapenda zaidi. Yaandikwe pia kwa maandishi ya kawaida, na yaeleze kama ukumbi ulioko ghorofani Kariakoo una lifti au una ngazi peke yake, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inagusa yote mawili, habari na majengo.