KKK darasa la kwanza na la pili: dhana potofu na ukweli wake

Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili Tanzania umejikita katika stadi tatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuzizoea, stadi hizi zinaonekana nyepesi, kwa hiyo kila mmoja ana maoni kuhusu namna ya kuzifundisha. Baadhi ya maoni hayo yanawachelewesha watoto, na yanatoka kwa wazazi na kwa walimu pia.

Dhana: Darasa zima likiitikia ubao kwa sauti moja, watoto wanajua kusoma

Ukweli ni kwamba wanajua kuitikia. Mwalimu anapogusa "ba be bi bo bu" na watoto themanini wakapaza sauti, wachache ndio wanaosoma. Waliobaki wanawafuata nyuma kidogo tu. Baada ya wiki mbili mstari wote umeshakaa kichwani, na mtoto anaweza kuusema huku anatazama dirishani.

Kulijua hilo hakuhitaji mtihani. Gusa silabi kwa kuruka: bo, ba, bu, be. Kisha mwite mtoto mmoja mmoja. Kisha mwandikie maneno ambayo hayapo kabisa, kama zefo, nagu, pilu. Anayesoma atayatamka bila shida, ijapokuwa atashangaa. Aliyekariri atanyamaza, au atakutajia neno analolijua linalofanana na hilo: ukimwonyesha "nagu" atasema "nguo". Kwenye kitabu, funika picha kwanza. Wapo watoto wengi wanaosoma picha: chini pameandikwa "kuku", yeye kaona upanga mwekundu kichwani, anasema "jogoo".

Kuitikia pamoja kuna nafasi yake. Dakika mbili tatu za mwanzo zinamchangamsha mtoto mwoga na kumpa ujasiri wa kutoa sauti. Kasoro huja pale kunapomeza kipindi kizima cha dakika 30.

Dhana: Mtoto aanze kwa kujua majina ya herufi, kuanzia a mpaka z

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtoto anasoma kwa sauti za herufi. Majina yake hayamsaidii mwanzoni. Aliyefundishwa kwamba herufi hii ni "em" na ile ni "be", ukimwambia aunganishe na a, anapata "ema" na "bea". Hajakosea, ameunganisha kile alichopewa. Kosa liko kwenye alichopewa. Isitoshe, wimbo wa a mpaka z unaoimbwa katika madarasa mengi una q na x ambazo maneno ya Kiswahili hayazitumii, na una c ambayo kwetu haisimami bila h.

Mpangilio wa alfabeti nao hauna faida kwa anayeanza. Anza na irabu tano, a, e, i, o, u, kwa siku kadhaa, kisha ongeza konsonanti moja moja. Zitangulie zile ambazo sauti yake inavutika: m, l, n, s. Mtoto anaweza kuivuta mmmm mpaka ikakutana na a, na akasikia mwenyewe "ma" ikizaliwa. Sauti za b, k na t hukatika papo hapo, na mwalimu akitaka kuzitamka peke yake hujikuta ameongeza irabu bila kujua. Hizo zifuate baadaye.

Faida ya mpangilio huu inaonekana mapema. Kwa irabu tano na m na l tu, mtoto tayari anasoma mama, mimi, ua, maua, lala, lima, lea, mali, mila, meli, mle, mlima. Haya ni maneno kamili, yenye maana, ambayo unaweza kuyatungia sentensi: "Mama lima." Mtoto anayepata sentensi ya kusoma mwezi wa kwanza anajua kwa nini anakuja shule. Anayekaa na "ba be bi bo bu" mpaka likizo hajui.

Kiswahili kinatusaidia sana, kwa kuwa kila irabu ina sauti moja popote ilipo. Hata hivyo kuna mahali watoto hukwama kila mwaka, na mwalimu ajiandae napo.

Kwanza ni m inayosimama peke yake. Katika "mtoto" m ni silabi kamili: m-to-to, makofi matatu. Katika "mbuzi" imeshikana na b: mbu-zi, makofi mawili. Wapigishe makofi kabla ya kuandika. Watoto ambao lugha ya nyumbani inasema "mu" mwanzoni mwa majina huandika "muti" na "mutoto". Kuwacheka hakusaidii. Sema neno polepole mara mbili, wapige makofi, wasikie kwamba katikati ya m na t hakuna irabu.

Pili ni sauti moja yenye herufi mbili: ch, sh, th, dh, gh, ny. Kila moja iandikwe kwenye kadi moja kama kitu kimoja, isifundishwe kama s halafu h. Ng'ombe na ngoma zifundishwe siku tofauti, kisha zirudiwe pamoja. Miambatano mizito kama mbw, ngw na nyw isubiri mpaka mb, ng na ny zizoeleke.

Tatu ni l na r. Katika lugha kadhaa za nyumbani sauti hizi hazitenganishwi, na mtoto anaandika "karamu" akimaanisha kalamu. Mpe jozi azisikilize kwanza: kalamu na karamu, mahali na mahari. Akishazitofautisha kwa sikio, mkono utafuata.

Dhana: Daftari lililojaa na kupendeza ni ushahidi kwamba anajua kuandika

Mzazi akifungua daftari akakuta kurasa zimejaa, anaridhika. Kunakili ubaoni ni kazi ya jicho na mkono tu. Kuna watoto wanaonakili aya nzima kwa mwandiko safi, lakini ukiwaambia waandike "kiti" bila kutazama popote, wanashindwa.

Kipimo cha kweli ni imla ya maneno matano, na inachukua dakika kumi. Mwalimu anatamka neno, watoto wanalirudia na kupiga makofi ya silabi, wanaandika, kisha mwalimu analiandika ubaoni na kila mtoto anasahihisha la kwake kwa rangi nyingine. Kosa lisifutwe kwa raba. Likibaki pale, mwalimu anaona nani anaacha irabu ("mbzi"), nani anaongeza ("muti"), nani anageuza b na d. Kugeuza b na d katika umri wa miaka sita au saba ni jambo la kawaida na wengi huliacha. Kinachosaidia ni mahali mkono unapoanzia: b huanza na mstari kutoka juu kushuka, d huanza na duara. Zifundishwe wiki tofauti.

Mtoto wa mkono wa kushoto asilazimishwe kuhamia wa kulia. Mkalishe ncha ya kushoto ya dawati ili viwiko visigongane na jirani, ainamishe daftari ili kona yake ya juu upande wa kushoto ipande, na ashike penseli juu kidogo, kama sentimita tatu kutoka kwenye ncha, aone anachoandika.

Dhana: Akihesabu mpaka mia, anajua hesabu

Kutaja namba kwa mfuatano na kuhesabu vitu ni mambo mawili tofauti. Mwekee kokoto saba mezani. Wengine hugusa kokoto moja mara mbili, au mdomo unatangulia mkono. Wengine wanahesabu vizuri mpaka saba, lakini ukiwauliza "ziko ngapi?" wanaanza upya, maana hawajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya zote. Huyo bado hajafikia kujumlisha, hata kama anaimba mpaka mia.

Majina ya namba zetu yana urahisi wake na mtego wake. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe linakueleza namba imeundwaje. Ila baada ya hapo yanakuja ishirini, thelathini, arobaini na hamsini, yenye asili ya Kiarabu na yasiyofanana na mbili, tatu, nne, tano. Ndiyo maana mtoto akifika ishirini na tisa anasema "ishirini na kumi". Ameufuata utaratibu kwa akili kabisa. Makumi haya yanahitaji mazoezi yake peke yake, nje ya kuhesabu moja moja.

Kosa jingine ni la kuandika. Mtoto anaambiwa "kumi na tatu" anaandika 103. "Mia moja na tano" anaandika 1005. Ameandika alichosikia: 10 na 3, 100 na 5. Kuweka alama ya kosa hakumfundishi kitu. Tengeneza kadi za makumi, 10 mpaka 90, zenye upana mara mbili ya kadi za 1 mpaka 9. Achukue 10, aweke 3 juu ya sifuri, aone 13. Pembeni awe na fungu la vijiti kumi vilivyofungwa kamba na vijiti vitatu vilivyo huru. Vijiti kumi vinapofungwa na kuhesabiwa kama fungu moja, thamani ya nafasi inaeleweka.

Na vidole? Aachwe avitumie. Anayekatazwa huvificha chini ya dawati na kuchelewa zaidi. Akizoea jozi zinazotimiza kumi (1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5) ataviacha mwenyewe.

Dhana: Nyimbo na michezo ni kupoteza muda, na fimbo ndiyo inayoharakisha

Rede na kuruka kamba ni mazoezi ya kuhesabu, na wimbo unaorudia sauti ya mwanzo wa neno ni somo la kusoma. Mtoto wa miaka sita hawezi kukaa kimya dakika 30 akisikiliza. Kila dakika saba au kumi abadilishe kazi. Fimbo inamfundisha kuficha asichokijua, hivyo anachungulia kwa jirani, mwalimu anaona majibu sahihi, na tatizo linahamia darasa la pili, kisha la tatu.

Dhana: Darasa la watoto sabini halifundishiki

Ni gumu, na yeyote anayesema ni rahisi hajalifundisha. Lakini kinachowezekana kifanyike. Mwalimu asikilize watoto sita kila siku, mmoja mmoja, wakati wengine wana kazi ya vikundi. Kwa siku 12 za masomo amesikiliza watoto 72. Aweke alama kwenye orodha: anasoma neno, anasoma silabi, anajua sauti tu. Vikundi vipangwe kwa orodha hiyo na vibadilike kila mwezi.

Zana zipo bure. Kusanya vizibo vya soda, vioshe, gonga kingo kwa nyundo zisikate vidole, kisha bandika ndani kipande cha karatasi chenye silabi. Ukiandika moja kwa moja kwenye kizibo, jasho la mikono linafuta maandishi ndani ya siku chache. Vizibo 20 vinatosha kikundi cha watoto sita, silabi zinazojirudia kama ma, ka, ki na la ziwe mbili mbili.

Kabla ya kusema mtoto ni mzito wa kuelewa, chunguza macho na masikio yake. Mhamishie dawati la mbele wiki moja uone kama kazi yake inabadilika. Simama hatua moja nyuma yake, nong'ona neno, alirudie. Wengi walioitwa wazembe hawaoni ubao.

Dhana: Mzazi asiyejua kusoma hawezi kumsaidia mwanawe

Anaweza sana. Vitendawili, hadithi na nyimbo za nyumbani, kwa lugha yoyote, zinajenga sikio ambalo shule inalitegemea. Kuongea lugha ya nyumbani hakuharibu Kiswahili cha mtoto. Amwambie ahesabu sahani kabla ya chakula na aseme zimepungua ngapi. Jioni amkalishe dakika kumi, mtoto asome kwa sauti huku akifuata kwa kidole, kisha aeleze kwa maneno yake alichosoma. Akisoma na asiweze kueleza, arudie sentensi moja moja. Mzazi anayejua kusoma naye asimdakie neno mtoto anapokwama: asubiri kidogo, ampe silabi ya kwanza tu, amwache amalizie.