Je, wajua kwa nini kwenye orientiringi mwenye mbio kali hashindi kirahisi?

Orientiringi ni ule mchezo unapewa ramani na dira, unaingia msituni kutafuta vituo kwa mpangilio, anayevimaliza kwa muda mfupi ndo bingwa. Njia unachagua mwenyewe na GPS ya kukuongoza hairuhusiwi. Kila kituo kina kibendera cheupe na cha chungwa. Utadhani mkimbiaji wa marathoni atawaburuza wote, lakini wapi!

Shida ni kwamba pumzi zikiwa juu akili nayo inachoka, na ramani inabidi uisome hukohuko unakoruka magogo. Na ramani yenyewe ina mambo yake, nyeupe sio uwanja mtupu, ni msitu unaopitika vizuri, uwazi umepakwa njano, halafu kijani kadri kinavyokolea ndo vichaka vinavyozidi kubana. Mgeni anaona weupe anajua huku ni peupe, kumbe anaenda kuingia kwenye miti.

Kuna kosa linawapata hata wazoefu. Unatafuta jiwe kubwa nyuma ya kilima, kilima unakiona, jiwe lipo, ila kibendera hakipo, unazunguka weee, kumbe kilima chako ni kile cha pili yake. Macho yaliona yalichokuwa yanakitaka, akili ikaanza kulazimisha ardhi ifanane na ramani, na ukiwa na mbio ndo unapotelea mbali zaidi.

Ndo maana wazoefu wanajua wapi wakimbie na wapi watulie. Wakiwa mbali na kituo wanafuata kitu kirefu kama barabara au mto, hapo wanatimua kwelikweli, wakifika alama kubwa ya karibu, tuseme njia panda, wanapunguza mwendo wanapima dira. Kidole gumba kinakaa kwenye ramani pale walipo, kinasogea nao. Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni hii: kama unatafuta daraja, usililenge lenyewe, lenga kushoto kwake makusudi, ukigota mto unajua moja kwa moja ni kugeuka kulia, ila ukililenga lenyewe ukalikosa hutajua liko upande gani.

Mchezo huu ulisambaa sana kuanzia 1919, Ernst Killander wa Uswidi alipoandaa shindano kubwa karibu na Stockholm akitafuta namna ya kuwavuta vijana waliokuwa wameanza kuzipa mgongo mbio za kawaida. Na kwa kweli utamu wake sio wa mbio tu, ule wakati unapita kichaka cha mwisho halafu kibendera hicho hapo, palepale ulipokipangia kichwani, unasahau miguu ina mikwaruzo.

Ukipotea je? Rudi mpaka pale pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo. Kusema rahisi, kufanya ndo kazi, maana saa inahesabu, na mwili wote unataka uendelee mbele kidogo tu, labda ni pale.