Njaa ya Dodoma huanza wakati wa mavuno

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Ndiyo maana chakula kikipungua, lawama zote hupelekwa mawinguni. Sisi tunaofuatilia mwenendo wa nafaka tunaona na jambo la pili: hata mwaka wa mavuno mazuri, zipo kaya zinazofika Januari ghala likiwa tupu. Zilivuna, zikauza, kisha zikaanza kununua. Nani atunze nafaka kati ya mavuno na mavuno? Tangu tulipoanza kuuacha uchumi wa kijamaa, swali hilo halijapata jibu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, jibu lilikuwa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma. Wagogo waliokuwa wakiishi kwenye tembe zilizotawanyika, shamba la samadi likiwa karibu na zizi, wakahamishiwa vijijini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likawa ndiye mnunuzi halali wa nafaka ya mkulima. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulikuwa umeilazimisha nchi kumaliza fedha za kigeni kwa kuagiza chakula, hivyo serikali ikapandisha bei za mtama, uwele na muhogo ili mikoa kame ivipende.

Na wakulima walivipenda. Mtama ulifika kwenye maghala ya NMC kwa wingi, ukakaa humo, kwa sababu watu wa mijini walikwisha kuzoea sembe, tena sembe ya ruzuku. Wale wanaosema mkulima wa Dodoma ni mkaidi, hataki mazao ya ukame, wangesoma kwanza historia hii. Alilima. Mlaji ndiye aliyekosekana.

Mageuzi yalianza na bajeti ya 1984, ruzuku ya sembe ilipoondolewa na usafirishaji wa nafaka kutoka mkoa hadi mkoa ukalegezwa. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na hatua kwa hatua wafanyabiashara binafsi wakachukua nafasi ya NMC. Bei moja ya nchi nzima ikafa. Mikoa ya mbali kama Ruvuma na Rukwa, ambayo gharama zake za usafiri zilibebwa na shirika, iliumia. Dodoma, iliyo njiani kuelekea Dar es Salaam, ilipata nafuu. Soko la Kibaigwa wilayani Kongwa limesimama juu ya nafuu hiyo: mahindi ya Kongwa na ya wilaya jirani ya Kiteto yanashushwa pale, yanapata bei, yanaondoka.

Vietnam nayo ilianza mageuzi yake mwaka ule ule wa 1986. Mwaka 1988 mashamba ya ushirika yakakabidhiwa kaya kwa mikataba ya muda mrefu, na mwaka uliofuata nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja. Mfano huu hupenda kutajwa mikutanoni, lakini tuupokee kwa tahadhari. Mabonde yao yalikuwa na mifereji ya maji tayari, na zao walilolikomboa ndilo lililokuwa kwenye sahani ya kila mtu. Kwetu soko lilikomboa mahindi. Mtama na uwele, mazao yanayoivumilia ardhi ya wilaya zetu za Bahi na Chamwino, yaliachwa yajitafutie wateja.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu ya kaya. Chukua mfano wa familia ya watu 6, kila mmoja akila wastani wa gramu 400 za nafaka kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 72. Kwa miezi mitano, Desemba hadi Aprili, ni kilo 360, yaani gunia tatu na nusu na kidogo za kilo 100. Mwezi wa Juni mahitaji ya shule na deni la dukani vinabisha hodi, gunia hizo zinauzwa kwa, tuseme, shilingi 60,000 kila moja, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Januari bei ikiwa mara mbili, fedha ile ile inanunua nusu ya chakula kilichouzwa. Hapo mbuzi hutolewa sokoni wakati kila jirani naye anatoa wake, na bei ya mbuzi inashuka huku ya debe la nafaka ikipanda. Kinachobaki ni kibarua: baba na mama wanakwenda kupalilia shamba la mwenye uwezo katika wiki zile zile ambazo la kwao linamezwa na magugu. Upungufu wa mwaka ujao unatengenezwa hapo, mvua ikiwa inanyesha vizuri kabisa.

Serikali haikujitoa moja kwa moja. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa 2008, hununua na kuhifadhi nafaka. Sheria ya stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka mazao kwenye ghala lililosajiliwa na kupewa hati yake, ipo tangu 2005. Lakini mkono huo huo umewahi kufunga mipaka, kama ilivyotokea 2011 na 2017, mahindi yakazuiwa kuuzwa nje na bei ya shambani ikaporomoka. Mfanyabiashara asiyejua kama mpaka utakuwa wazi hajengi ghala, na bila maghala yake tofauti kati ya bei ya Juni na ya Januari haipungui.

Kwa upande wa kaya, gunia za Desemba hadi Aprili zitengwe kabla ya dalali kuingia kijijini. Mifuko ya kinga njaa, yenye mifuko ya ndani isiyopitisha hewa, huua dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, kwa kukosa hewa, mradi kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake na panya wasiutoboe. Kwa upande wa halmashauri, suala ni tarehe. Kituo cha ununuzi kikifunguliwa Septemba ilhali mkulima aliuza Juni, bei nzuri ya serikali inaingia mfukoni mwa dalali aliyenunua kwake.