Kumjali mwenzako si lazima ujiumize

Wapo wanaoamini kwamba msaada usiokuumiza si msaada. Sivyo. Mwaka 2008, mwanasaikolojia Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio dogo: asubuhi watu walipewa dola 5 au 20, baadhi wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi, na kiasi cha pesa hakikuleta tofauti. (Ni kweli, pesa hizo walipewa tu, za jasho lako zina uchungu wake.) Kwa hiyo ukisubiri mpaka mambo yakunyookee ndipo utoe, unachelewa bure. Na si lazima iwe pesa: jirani aliyekwama kwenye fomu anahitaji umsomee swali la tatu leo, basi.