Kichwa cha shisha cha udongo au cha kisasa: kipi kina nafuu kwa mvutaji?

Vichwa hivi vinatofautianaje?

Kichwa ni kile kikombe cha juu ya shisha kinachobeba tumbaku. Cha asili ni cha udongo wa kuchoma, na chini kina matundu kadhaa. Tumbaku huwekwa ndani, hufunikwa kwa karatasi ya alumini iliyotobolewa, kisha mkaa hukaa juu. Majimaji ya tumbaku huchuruzika kupitia yale matundu na kuingia kwenye bomba.

Vingi vya kisasa vina tundu moja tu, katikati, lililoinuka kama shingo ya chupa. Majimaji hubaki ndani, tumbaku haikauki upesi. Vipo vya udongo, vya kioo na vya silikoni. Badala ya karatasi ya alumini, siku hizi wengi huweka kifaa cha chuma chenye kifuniko, ambacho hubeba mkaa na kuzuia tumbaku isiungue haraka.

Basi cha kisasa ni salama zaidi?

Hapana. Ufundi wote huo unalinda ladha, haulindi mapafu. Mkaa unaowaka ni uleule, na sehemu kubwa ya kaboni monoksidi anayoivuta mtu wa shisha hutoka kwenye mkaa wenyewe. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo moyo na ubongo hukosa hewa huku mvutaji akijiona yuko sawa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ulaini wa moshi. Moshi usiokwaruza koo huvutwa kwa kina na kwa muda mrefu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kwamba katika kikao kimoja mtu anaweza kuvuta moshi mwingi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Hapo unazungumziwa wingi wa moshi. Nikotini haiongezeki kwa kiwango hicho. Lakini mapafu yanaupokea moshi wote huo.

Na aina za tumbaku?

Ya zamani, kama tombak ya Iran, ni majani matupu yasiyotiwa ladha. Hulowekwa, hukamuliwa, hufinyangwa juu ya kichwa, na mkaa huwekwa moja kwa moja juu yake. Ni kali, na asiyeizoea hupata kizunguzungu mapema.

Muasel, inayovutwa na wengi leo, ni tumbaku iliyochanganywa na molasi au asali, gliserini na ladha za matunda. Ilisambaa kwa kasi tangu miaka ya 1990, na utamu wake ndio uliowavuta vijana wasiotaka hata kuishika sigara. Zipo ambazo majani yake yameoshwa ili kupunguza nikotini, na zile nyeusi zisizooshwa, ambazo ni kali zaidi. Iliyooshwa nayo inaweza kumfanya mtu awe mraibu.

Ile isiyo na tumbaku kabisa?

Nikotini haina. Kaboni monoksidi na lami, yaani uchafu mweusi unaonata wa moshi, zipo, kwa sababu mkaa upo na kitu kinaungua. Mjamzito na mgonjwa wa moyo wasijidanganye nayo.

Maji ya shisha, ambayo moshi hupitia, si yanachuja?

Yanapoza moshi tu. Sumu nyingi hupita.

Mtu akizidiwa, tufanye nini?

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kuzimia vinaweza kuwa dalili za sumu ya kaboni monoksidi. Mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na mkimbize hospitali. Asirudi ndani hata akisema amepata nafuu.

Mkifika, mwambieni mhudumu wazi kwamba alikuwa anavuta shisha, bila kuona aibu. Kile kifaa cha kawaida cha kubana kidoleni ili kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini. Kipimo maalumu cha damu ndicho kinachoonyesha hali halisi, na daktari hataagiza kipimo hicho kama hajui kilichotokea.