Kofia iliyozibwa na boriti: dhana potofu kuhusu filamu za vita

Dhana: Picha halisi ya enzi hizo haiwezi kupotosha.

Ukweli: Inaweza, na wala si lazima uighushi yote. Alain Resnais alipotengeneza filamu yake ya makala kuhusu kambi za Wanazi, iliyotoka mwaka 1956, alitumia picha ya kambi ya Pithiviers, kusini mwa Paris, walikokusanywa Wayahudi kabla ya kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Ndani ya picha yumo mlinzi amesimama akiitazama kambi. Amevaa kepi, kofia ya polisi wa Kifaransa. Mjerumani haonekani. Wakaguzi wa filamu wakagoma hadi kofia ile ikazibwa kwa boriti ya kuchora. Kambi ilibaki, wafungwa walibaki. Aliyefutwa ni Mfaransa aliyewalinda.

Dhana: Upendeleo wa taifa ni kulisifu jeshi lake.

Ukweli: Huo ndio rahisi kuugundua. Mgumu ni wa kunyamaza. Julai 1942 polisi wa Ufaransa wenyewe waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 jijini Paris na vitongoji vyake. Rais wa nchi alikuja kukiri wajibu wa dola mwaka 1995.

Dhana: Filamu iliyolipiwa na wageni ni propaganda yao.

Ukweli: Tazama kwanza nani kapewa nafasi ya kusema. Mtengenezaji filamu Marcel Ophuls alipata fedha za televisheni za Ujerumani na Uswisi, akaenda mji wa Clermont-Ferrand nchini Ufaransa kuwauliza watu walivyoishi chini ya Wajerumani wakati wa vita. Kwa zaidi ya saa nne wanazungumza wakulima waliopigana kwa siri, ofisa wa zamani wa Kijerumani, hata mwenye duka aliyewahi kutangaza gazetini kwamba yeye si Myahudi. Filamu ilikamilika mwaka 1969. Televisheni ya Ufaransa ilikuja kuionyesha mwaka 1981.

Dhana: Basi kila aliyeipinga alikuwa na la kuficha.

Ukweli: Simone Veil, aliyekuwa katika bodi ya utangazaji ya Ufaransa, aliipinga filamu hiyo ya Ophuls, naye alinusurika Auschwitz. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mtetezi wa vibaraka wa Wanazi. Kwa maoni yake filamu iliwapaka Wafaransa wote matope, ikawasahau waliowaficha Wayahudi majumbani mwao. Na kweli, takriban robo tatu ya Wayahudi waliokuwa Ufaransa walisalimika.